Heko, Kitufe Kibovu

Mkoa wa Mara umejaliwa vitu vinavyosifiwa. Dhahabu ya Nyamongo inajulikana dunia nzima, kahawa ya Tarime ina wanywaji wake, nyumbu wa Serengeti wanafuatwa na watalii wenye kamera ndefu. Ng'ombe wa Mkurya ndiye kabisa, huyo husifiwa hata akiwa machungani. Aliyesahaulika ni mmoja tu, naye yupo mezani kila siku kuanzia Sirari hadi Mugumu: kitufe kibovu cha kalkuleta mpya. Leo zamu yake imefika.

Nasema kalkuleta mpya kwa makusudi. Ubovu wa kalkuleta kuukuu hauna sifa yoyote, ni uzee tu, na uzee hauna fundi. Ninaousifu mimi ni ubovu inaotoka nao kwenye boksi, nailoni ikiwa bado haijachanwa. Nunua mbili za katoni moja, zile ambazo jina lake limepunguzwa herufi moja ili lifanane na la kampuni kubwa. Ya kwanza vitufe vyake vinashuka na kurudi bila maneno. Ya pili, 7 imelegea, 0 inataka dole gumba, na cha kujumlisha hakikubali mpaka ukibonyeze kwa pembeni. Siri iko ndani. Chini ya vitufe kuna mpira mmoja wenye vinundu, na chini ya kila kinundu kuna kidonge cheusi cha kaboni kinachotakiwa kugusa njia za umeme zilizochapwa kwenye ubao. Kidonge kikikaa upande, au mpira ukiwa mgumu, kidole kimeshabonyeza na mashine haina habari. Kinyume chake pia hutokea: mguso ukidundadunda kwa kipande kidogo cha sekunde, na programu ya ndani isisubiri utulie, mbonyezo mmoja unahesabiwa mara mbili.

Tena asidhani mtu kwamba haya ni ya wanunuzi wa bei poa peke yao. HP 12C, kalkuleta ya watu wa benki iliyoingia sokoni mwaka 1981, ilijengewa heshima na vitufe vyake. Kila kimoja kilikuwa na bawaba, kikishuka unasikia mlio mdogo wa kukubali, na tarakimu zake hazikupakwa rangi juu bali zilimiminwa kwa plastiki ya pili ndani ya ile ya kwanza, kwa hiyo hazifutiki. Alama ya sawasawa haina kabisa: ukitaka kujumlisha 5 na 3 unaandika 5, unabonyeza ENTER, unaandika 3, ndipo unajumlisha. Utengenezaji wake umehama kutoka Marekani kwenda Asia, na wapenzi wake wakipata mpya huigeuza kwanza wasome mgongoni imetoka nchi gani. Jina ni lile, sura ni ile, lakini kidole kinakuta mambo mengine. Basi mwenye kalkuleta ya gengeni asijione mnyonge, yuko kundi moja na mameneja.

Fadhila ya kwanza ya kitufe kibovu ni ukarimu. Shilingi yetu haitembei bila sifuri tatu, ndiyo maana kitufe cha 000 ndicho kinachofanya kazi kuliko vyote. Kikidunda, sifuri zinakuja sita. Nimemwona pale Sirari mama aliyeleta mikungu ya ndizi ya 85,000, kioo kikamwandikia 85,000,000. Kwa sekunde mbili alikuwa na pesa za kununua lori la mnunuzi, utingo akiwa juu yake. Hakuna ahadi ya uchaguzi iliyowahi kumfikisha huko.

Fadhila ya pili ni elimu. Penye kalkuleta nzima watu wananyamaza wakiitazama. Penye kalkuleta ya mashaka, kila mtu anapiga hesabu: mnunuzi, muuzaji, mpagazi aliyekuja kuomba maji. Shilingi ya Kenya ikibadilishwa kwa 20 za kwetu, 3,750 ni ngapi? Mtoto wa darasa la tano aliyeketi juu ya gunia anasema 75,000 wakati mnunuzi bado anagombana na tano yake.

Fadhila ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni utii. Kitufe kibovu kinamjua bwana wake. Tazama mnunuzi wa mahindi anavyojumlisha uzito wa magunia 12: 101, 98, 103, 99, anaendelea. Sifuri ya 103 ikigoma, mashine inasoma 13. Kilo 90 zimekwenda na maji, na kama bei ni 700 kwa kilo, mkulima ameacha mezani 63,000. Hakuna anayeshtuka, jumla ni ndefu, jua ni kali, gari linapiga honi. Sasa sifuri hiyo hiyo idunde, 103 iwe 1,003. Mnunuzi anaruka: "Subiri kwanza mama, hii mashine inazingua." Anafuta, anaanza upya kwa upole wa mwalimu wa chekechea.

Dhahabu nayo ni hivyo hivyo. Tangu mwaka 2019 Serikali imeweka masoko ya madini ili mchimbaji mdogo apimiwe na kuuza mbele ya maofisa, lakini si kila punje hufika huko. Kule vichochoroni, gramu 2.4 ikisomeka 24 kwa sababu nukta imegoma, mnunuzi anagundua kabla hujapumua. Nne ikigoma ikabaki 2, anatikisa kichwa kwa masikitiko: "Mura, mashine ndiyo imesema." Kosa linalomuumiza mwenye kalkuleta huishi sekunde moja. Linalomnufaisha huishi mpaka mchimbaji amefika kwao.

Fadhila ya nne ni amani. Kalkuleta za fedha zina vitufe vitano vya fitina: n, i, PV, PMT na FV. Mkopo wa kausha damu wa milioni 1 kwa miezi 6, "riba asilimia 10 tu kwa mwezi", hurudishwa 266,667 kila mwezi. Ziingize namba hizo, uulize i, nayo itakujibu zaidi ya asilimia 15 kwa mwezi. Sababu ni nyepesi: kila mwezi unalipa sehemu ya deni, ilhali riba inaendelea kutozwa kwenye milioni nzima kana kwamba hujarudisha hata senti. Sasa habari kama hiyo ya nini kwa mtu aliyekwisha kusaini? Kitufe cha i kikifa, mkopaji analala, mkopeshaji analala, na kikundi cha wakopaji kinafungua kikao kwa wimbo.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kitufe kibovu kimeuboresha msemo huo, kwani kwake mali hupotea daftari likiwepo, limejazwa vizuri na kusainiwa na pande zote mbili.

Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuigonga muhuri, na mtu akikamatwa na mizani iliyochezewa ana kesi ya kujibu. Kalkuleta iliyolala sentimita 20 kando ya mizani hiyo haina muhuri, haina mkaguzi, haina kesi. Tunapima kilo kwa sheria, halafu tunazizidisha kwa imani. Utaratibu huu usiguswe, umewatajirisha watu wengi wa heshima.

Hofu yangu ni moja tu. Wapo wauzaji wameanza ukorofi: wanaomba kalkuleta igeuziwe kwao, wanabonyeza wenyewe, na kila tarakimu wanaisoma kwenye kioo kwa sauti kabla ya kugusa inayofuata. Tabia hiyo ikienea kutoka Sirari hadi Mugumu, wanunuzi watalazimika kununua kalkuleta nzuri.