Mikono Ni Yetu, Picha Ni Zao

Binti wa mdogo wangu anaolewa Jumamosi ya Agosti 10. Tangu alipotutangazia kwamba hataki harusi ya kununua, anataka ya kutengeneza kwa mikono, sijapata kukaa nikamaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto.

Yeye na mchumba wake wanaishi Dar es Salaam. Walijuana Ubungo, wakapendana Ubungo, na kwa akili za kawaida wangeoana Ubungo, sisi tukapanda basi, tukala, tukarudi. Hapana. Harusi lazima iwe hapa Kitahana, uwanjani kwa babu yake, chini ya miembe. Iwe ndogo, iwe ya kifamilia, na kila kitu kitoke kwenye mikono ya watu wanaowapenda. Mdogo wangu alipoambiwa hivyo alipiga makofi. Alisikia "ndogo", akasikia "tutatengeneza wenyewe", akaona ameokoa ng'ombe mzima. Mimi niliitazama mikono yangu.

Maana mikono yenyewe ni ya nani? Bibi harusi yuko ofisini, chini ya kiyoyozi, anatuma picha. Picha ya vikapu vinavyoning'inia mtini. Picha ya vibendera vya vitambaa. Picha zimepigwa nchi nisiyoijua, ambako watu hawatoki jasho na inzi hawajaumbwa. Chini yake anaandika: "Shikamoo baba mkubwa. Hii ni rahisi tu, tunaweza." Anayeweza ni nani, hasemi.

Halafu kuna thimu. Zamani harusi ilikuwa na rangi mbili, mnashona sare, yamekwisha. Hii yetu ina thimu, nayo ni "Muhambwe Yaipokea Heru". Binti amesoma kwamba kabla utawala wa machifu haujafutwa mwaka 1963, Kibondo hii ilikuwa nchi ya Muhambwe, na Kasulu, anakotoka mchumba wake, ilikuwa Heru. Huko Heru alitawala hata mwanamke, Mwami Theresa Ntare, enzi za Mwingereza. Basi bibi harusi ataingia uwanjani kwa mwendo wa Mwami Theresa. Sisi tuliobaki huku Muhambwe tunaijua kama jimbo la uchaguzi, tunakumbushwa kila baada ya miaka mitano, lakini tulikubali. Mimi ni mwenyekiti wa kamati; niliiandika thimu kwenye daftari.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba kueleweshwa. Heru si upande wa bwana harusi? Sasa huyu mtoto wetu anaolewa na Heru, au anakwenda kuitawala?"

Kikao kikalipuka. Wengine wakasema bora hivyo, wakwe wajue mapema. Wengine wakasema wakwe wakimwona binti yetu kavaa umwami wao watadai warudishiwe mahari. Shangazi mtu akahoji kama Mwami wa Muhambwe naye atakuwepo, na atakuwa nani, na ataketi meza kuu au meza ya wazazi. Tukajadili mpaka viazi vikaja, navyo havikutupatanisha. Kwa taarifa tu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 na mashahidi wasiopungua wawili. Wawili tu! Kamati yetu ndogo ya vinywaji peke yake ina watu tisa, na wawili kati yao hawazungumzi.

Gauni jeupe kalikataa. Anasema ni la Wazungu, na hapo simbishii, maana lilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa kwa gauni jeupe mwaka 1840. Yeye anataka vazi la gome, walilovaa wazee wetu kabla ya merikani na khanga kufika. Vizuri. Nani hapa Kitahana leo anajua kubandua gome la mti na kuligonga mpaka liwe nguo? Hakuna. Walioishika kazi hiyo hadi leo ni Waganda, na UNESCO iliwatambua kwa ajili yake tangu mwaka 2005. Kwa hiyo vazi la asili yetu limeagizwa Masaka. Limevuka Mutukula, likapita Bukoba, Biharamulo, Nyakanazi na Kakonko, likateremshwa Kibondo ndani ya kiroba cha unga, na nauli yake nimeilipa mimi. Mama yangu, ambaye ndiye bibi wa mwenye harusi, alilipapasa, akalinusa, akauliza bei. Alipotajiwa alinyamaza kidogo.

"Mama yangu mimi," akasema, "alipiga vigelegele siku alipolivua hili."

Na umeme je? Watu wa Kibondo tumeishi na majenereta miaka na miaka. Mwaka 2022 gridi ya taifa ikatufikia, tukasema ahsante Mungu, sasa na sisi tutacheza muziki bila kunusa dizeli. Bibi harusi ameagiza chemli. Hataki balbu hata moja, zinaharibu hali ya kijijini. Nimemwambia hali ya kijijini ndiyo hii, ina nguzo na mita ya luku. Amenijibu kwa alama ya moyo. Chemli zenyewe tumezitafuta nyumba kwa nyumba. Nyingi hazina vioo, na yenye kioo mwenyewe anaifugia kuku.

Kadi nazo ni za maganda ya mgomba, zimeandikwa kwa mkono. Wajukuu wamechuna migomba yangu mpaka imebaki uchi, wakayabandika yale maganda juu ya karatasi ngumu, na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri akakabidhiwa kazi ya kuandika majina. Hapo ndipo heshima za watu zilipojulikana. Mmoja karudisha kadi kwa sababu ameandikwa "Bwana" badala ya "Mwalimu Mstaafu". Mwingine ameandikwa peke yake, naye ana wake wawili, akauliza abaki nani nyumbani. Na ile "ndogo" tuliyoahidiwa? Orodha ilianza na watu 80. Lakini Muha hamwaliki mtu, anaalika ukoo. Hata ndugu wa Muheza, wajukuu wa wazee waliokwenda kukata mkonge Tanga enzi za manamba wasirudi tena, wamepiga simu kuulizia kadi zao. Hatujaonana nao toka sijui lini. Watakuja na sufuria zao, wanasema, tusiwe na wasiwasi.

Zawadi ya kila mgeni ni kichupa cha asali. Asali ya Kibondo haihitaji kusifiwa, na hili lilikuwa wazo zuri mpaka tulipoanza kulifanya. Asubuhi za Julai huku juu ni za baridi, asali inakuwa nzito, haina haraka na mtu. Tulikata chupa ya soda tukaigeuza kichwa chini iwe faneli. Mke wangu anamimina, mimi nashika kichupa, mjukuu anafunga kifuniko. Asali inajikusanya mdomoni, inatoa povu, unadhani kimejaa. Ukigeuza uso imeshuka nusu. Ukiongeza inafurika, inapita vidoleni, inaingia mkono wa shati. Ukiifuta kwa kitambaa, kitambaa kinanata. Ukiweka kitambaa mezani, meza inanata. Kisha linakuja lile karatasi lenye majina ya maharusi, ambalo peke yake ndilo lililotakiwa kunata, nalo halinati.

Mjukuu amelamba mpaka akakataa ugali. Sisimizi wameleta ndugu zao. Na chupa bado ziko maboksi kwa maboksi, kwa sababu wa Muheza nao ni wageni.

Chakula nitakieleza kwa kifupi kwa sababu kinaniuma. Menyu ni ya kwetu: ugali wa muhogo, maharage ya mawese, na migebuka ya Ziwa Tanganyika. Serikali imesimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaliane. Harusi ni Agosti 10. Yaani siku tutakayokuwa tunamwoza binti yetu, migebuka nayo itakuwa fungate, tena fungate yenye ulinzi wa serikali. Kusogeza tarehe haiwezekani, tangazo la kwanza limeshasomwa kanisani na watu wa Dar wamekata tiketi. Mtu akapendekeza dagaa wakavu. Bibi harusi akajibu kwamba dagaa hawatoki vizuri kwenye picha. Kamati ya chakula imeamua yake, na naomba hili lisifike Dar: pilau itapikwa nyuma ya nyumba, na itatolewa mpiga picha akishakaa kula.

Na mahari lazima ionekane. Hataki bahasha, anataka ng'ombe wa pembe ndefu aje akitembea kutoka kwa wakwe. Kutoka Kasulu mpaka hapa ni zaidi ya kilomita mia, ng'ombe atafika amekuwa mbuzi. Muafaka uliopatikana ni kwamba atakuja kwa Fuso, atashushwa kwenye kona, apigwe maji usoni, kisha atembee hatua za picha. Sijui nani amemweleza ng'ombe.

Watu wananiuliza, hela inakwendaje kama kila kitu mnatengeneza? Kibondo mjini kuna mpambaji. Anakuja na kirikuu asubuhi, anashusha vitambaa, maua ya plastiki, maputo na viti vilivyofungwa utepe kiunoni, na kabla ya adhana ya adhuhuri amemaliza na ameondoka. Anadai laki nane, unamkopa nusu. Sisi mpaka sasa tumemlipa fundi cherehani wa kushona vibendera kwa mabaki ya vitenge, ambayo mabaki yenyewe hayakutosha ikabidi tununue vitenge vizima tuvikate viwe mabaki. Tumelipa wasukaji wa vikapu. Tumelipa vichupa, gundi, vioo vya chemli, nauli ya gome. Laki nane tulishaiaga. Na wanaofanya kazi ya bure, kwa upendo, nao wanakula. Kina mama wa vikapu wanakuja na watoto, na upendo wao unamaliza debe la maharage kwa juma.

Ndiyo maana kila asubuhi mhazini anabandika orodha kwenye kundi la WhatsApp. Namba moja: Baba mkubwa (Mwenyekiti), ahadi 500,000, ametoa 150,000, bado 350,000. Amejua kuweka lile neno "bado" kwa wino mweusi tii. Nimemwambia niandikiwe mkungu wa ndizi, migomba iliyochunwa maganda, mizigo niliyobeba na shati langu lenye asali. Amesema daftari lake halina safu ya mikono.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonikaba ni mizinga. Shangazi mtu, mkuu wa mapambo, aliona picha ya harusi fulani yenye magogo, akasema sisi tuna kitu bora zaidi: mizinga ya magome, ile ya kienyeji, itundikwe nyuma ya meza kuu na katikati yake liwekwe jina la thimu. Mrina asali wa hapa jirani akakubali kuazima mizinga yake mikuukuu, lakini akatuonya kikaoni, na katibu aliandika. Mzinga uliowahi kukaliwa una nta ndani. Nyuki wanaotafuta makazi hutuma wapelelezi, na wapelelezi wakinusa nta wanarudi kuwaita wenzao. Shangazi akasema utaoshwa kwa sabuni. Mzee akasema mzinga wake ukiguswa na sabuni haondoki nao mtu. Tukaafikiana itundikwe majaribio, tuone inavyopendeza.

Imependeza. Ijumaa iliyopita mmoja umepata wapangaji. Wako juu kabisa ya kiti cha bwana harusi, wametulia, wanaingia na kutoka kwa adabu. Shangazi anataka watolewe kwa moshi usiku. Mrina asali anakataa kata kata: huo mzinga ulimkalia mtupu msimu mzima, leo Mungu kaujaza, halafu nyie mnataka mapambo? Anayewafukuza atamlipa asali ya mwaka. Upande wa wakwe wametuma salamu kuuliza kama hiyo nayo ni sehemu ya thimu. Nilimtumia bibi harusi picha, nikadhani sasa ataelewa. Amejibu: "Baba mkubwa jamani, ni asili kabisa! Waacheni hapo hapo."

Kikao ni Jumapili saa nane baada ya ibada, maana yake saa kumi. Ajenda ya kwanza ni michango, ya pili nyuki. Mhazini ameomba nyuki watangulie, kwa sababu mrina asali akikasirika ataondoka bila kulipa ahadi yake.