Kidude Nakituma, Ami, Ila Ukifika Feri Kizime

Woolwich, London

Kwa Ami, Bi Mkubwa na nyote wa Timbwani, Likoni,

Kile kidude cha kuonyesha njia ulichokidai, Ami, tangu uone picha ya gari langu, kimepatikana. Si kipya. Nimekitoa kwenye mnada wa Jumapili ambapo watu hufungua buti za magari na kuuza vikuukuu vyao, paundi tano na chaja juu. Najua atatokea mtu barazani aseme simu inafanya kazi hiyohiyo. Lakini simu yako inashikwa na wajukuu, na bando la asubuhi kufikia adhuhuri limeliwa na katuni. Hiki hakitaki bando. Kinasikiliza setilaiti, na setilaiti hazimtozi mtu.

Usishtuke ukikiwasha kikakwambia huu ni mwaka 2006. Setilaiti za Wamarekani zinahesabu wiki, na hesabu ikifika 1,024 inarudi sifuri. Ilijaa mara ya kwanza Agosti 1999, ikajaa tena usiku wa 6 Aprili 2019, na vidude vya zamani visivyotiwa programu mpya vikarudi nyuma karibu miaka ishirini. Kwa hiki chetu, Kibaki bado yuko Ikulu na wewe Ami bado una nywele. Njia kinaijua, enzi ndiyo imekipotea. Saa utaisogeza tatu mbele ya ile ya Greenwich. Greenwich yenyewe ni jirani hapa, napita kila siku kwenda kazini, na sijaona kama watu wake wanawahi kuliko wa Likoni. Kikiandika utafika 14:00, hiyo ni saa nane mchana. Usije ukamngojesha abiria wako mpaka saa kumi na nne.

Siku ya kwanza kitakuwa kizito. Kimevuka bahari kikiwa kimezimwa, na bado kinajidhani kiko London. Usikiwashie chumbani chini ya mabati wala chini ya ule mwembe wa uani. Kiweke juu ya boneti, mbingu iwe wazi, na gari lisisogee. Kinatafuta angalau setilaiti nne, nazo ziko kama kilomita 20,000 juu yetu, na kila moja huchukua dakika 12 na nusu kukisomea orodha kamili ya wenzake. Agiza kahawa chungu, ukae. Watoto watajaa, waache wajae. Ila yule kijana wa jirani anayejiita fundi, atakayesema "kizime ukiwashe tena", mfukuze, maana kila kikizimwa hapo katikati ndiyo safari inaanza upya.

Kuna kitufe cha Nyumbani. Aliyekiuza alisahau kufuta kwake, kwa hiyo kidole kikiteleza tu, kilikuwa kinataka kunipeleka kwa wazee wa watu huko Margate, pwani. Nimepafuta nikaweka Timbwani. Nilipokwisha, nikakiuliza kutoka hapa Woolwich njia ya nyumbani ni ipi. Kikafikiri, kikafikiri tena, kikajibu: hakuna njia. Hata ofisi iliyonikatalia viza ya mama ilijikaza ikaandika kurasa mbili.

Kilikuja na ramani ya Ulaya peke yake. Nimekitia kadi yenye Kenya, ramani ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea na kugawiwa bure. Humo mna Mtongwe, Chaani, Magongo, na Mishomoroni na vichochoro vyake. Lakini tumboni mwake bado mna ramani ya msingi, kuukuu, yenye barabara kuu tu, na zikiachwa zote mbili zinagombana kama wake wenza. Ingia kwenye mipangilio, fungua ramani, itolee alama ile ya zamani. Ukisahau utajua mwenyewe: utakiomba njia ya kwenda Changamwe bila feri, nacho kitakupandisha Kwale, Kinango, mpaka Mariakani.

Na hapo kwenye feri ndipo penye mambo, Ami, vuta kiti.

Mimi niliondoka Likoni nikiapa sitapanga tena foleni ya kuvuka maji. Mungu akaniangusha Woolwich, penye feri. Hii inavusha Mto Thames bure tangu 1889, watu, magari na malori, hakuna anayetoa senti. Inaendeshwa na vyombo viwili vilivyoanza kazi 2019, kimoja kinaitwa Ben Woollacott na kingine Dame Vera Lynn. Mwenda kwa miguu akitaka, ana handaki lake chini ya mto lililofunguliwa 1912, ilhali sisi wa kwetu tulingoja daraja la kuelea la Liwatoni mpaka 2021. Maji yenyewe upana wake haupishani sana na pale kwetu. Kinachonishangaza ni kwamba lango likifunguliwa hakuna anayekimbia. Mara ya kwanza nilitimka peke yangu na mkoba kichwani, watu wakanipisha wakidhani nafukuzwa.

Basi kidude kina orodha ya vitu unavyoweza kukiambia kiviepuke: feri, barabara za kulipia, barabara za vumbi, kugeuza gari njiani. Mimi niliweka alama kwenye barabara za kulipia. Sasa handaki la Blackwall, huku London, lilikuwa bure, na ramani yake inaamini hivyo mpaka leo. Lakini tangu 7 Aprili 2025, siku lilipofunguliwa handaki jipya la Silvertown, yote mawili yanatozwa, hadi paundi 4 kwa gari dogo saa za msongamano. Kidude hakina habari. Kinanipeleka Blackwall kwa sauti ya mtu aliyeniokolea hela. Na nikishika Silvertown, ambalo hakijawahi kulisikia, kinagandia ukingoni mwa mto kikiwa kimya, halafu kinazinduka ng'ambo na kuanza kupiga hesabu upya, bila hata kuuliza tumevukaje.

Sasa njoo kwetu. Zamani kuweka alama ya "epuka feri" ukiwa Likoni ulikuwa mzaha, kwa sababu njia ya nchi kavu ya kufika mjini ilikuwa hiyohiyo ya Kinango na Mariakani, zaidi ya kilomita mia ili kukwepa maji ya kama mita mia tano. Tangu 2024 barabara ya Dongo Kundu imeunganishwa yote. Unashika barabara ya Ukunda, unakata kulia Kibundani, unapita daraja la Mteza, karibu kilomita moja na nusu juu ya maji na mikoko, kisha Mwache, unatokea Miritini au upande wa uwanja wa ndege. Kwa hiyo abiria akikwambia Changamwe, Mikindani au Jomvu, weka alama. Akikwambia Posta au Kisauni, itoe, labda feri iwe imekwama, na hilo utaambiwa na makanga mapema kuliko kidude.

Maana feri kwake ni kipande cha barabara ndani ya maji. Kitakwambia utavuka kwa dakika chache na kitaamini. Hakioni foleni iliyofika Shika Adabu, wala mkokoteni wa maji uliokwama kwenye mteremko, wala ving'ora vya mheshimiwa anayepitishwa mbele. Na mkishapanda ndiyo balaa. Feri ikivutwa na mkondo, mshale unatoka kwenye mstari, nacho kitaanza kupiga kelele katikati ya mlango wa bahari, kwa Kiingereza cha heshima: geuza gari pale itakapowezekana. Abiria watakutazama. Kizime hapo, ukiwashe umepanda kule Kisiwani.

Kisauni usikipe ruhusa ya "njia fupi". Kinapima kwa kamba, hakijui kichochoro cha tuktuk na cha Probox, na kitakuingiza humo mpaka usikie vioo vya pembeni vinasalimiana na kuta. Chagua "njia ya haraka". Ile ya kuepuka vumbi nayo iache, la sivyo kitashikilia lami ya barabara ya Malindi na kukwambia nusu ya Mtopanga haifikiki.

Sauti nayo. Iliyomo ni ya mama wa Kiingereza, na ninavyoisikia ikijaribu "Mkomani" naona aibu kwa niaba yake. Hiki kina nafasi ya kurekodi sauti yako, sentensi moja moja: kata kushoto, baada ya mita mia nane, umefika. Nikampigia Bi Mkubwa aniwekee yake. Mita hakuzitaka kabisa. Kwenye mita mia nane akasema, "Ukishampita muuza mabuyu, mwanangu, uanze kupunguza." Kwenye kugeuza gari akasema, "Si nilikwambia?" Na kwenye umefika akaomba dua ndefu mpaka nafasi ikaisha, ikakatika kabla ya amin. Nimeziacha vivyo hivyo. Majina ya barabara sauti ya kurekodi haiwezi kuyataja, na sidhani kama utayakosa.

Chaja inaingia tundu la kiberiti cha gari. Ule mpira wa kubandikia kiooni unang'oka joto likizidi, kwa hiyo usikiache juani pale stejini, na usikiache hata penye kivuli, unawajua vijana wetu.

Kinakuja na dada mmoja tunayefanya naye kazi, anatua Jumamosi. Atakayekwenda kumpokea apitie Dongo Kundu. Mkipishana uwanjani, mfuateni kwao Chaani: mkishaupita msikiti mnakata pale penye duka la maji, si la kwanza, lile la pili, halafu mnauliza. Anwani ya barabara hana, na kidude kitakuwa mkobani mwake.

Wasalaam,
Mwanenu wa Woolwich