Vifaranga wa Volti 13.8

Mama mkwe alipanda kutoka Mtowisa mwezi wa sita. Alishuka kwenye basi na ndoo ya mchele, blanketi, na boksi la vifaranga tisa walioachwa yatima baada ya kicheche kumla mama yao. Kule kwao, bonde la Rukwa liko kama mita 800 tu juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga tuko karibu na 1,800. Ukishaimaliza milima ya Lyamba lya Mfipa, ni kama umetoka jikoni ukatumbukia kisimani. Vifaranga hawakuwa wameambiwa.

Usiku wa kwanza wakafa wawili. Mama watoto akashauri tuwawekee jiko la mkaa chumbani, nikakataa: mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu, sembuse vifaranga. Nikadhani mjadala umeishia hapo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nina ugonjwa wa redio. Leseni ninayo, ya TCRA, na alama yangu inaanza na 5H kama za wenzangu wa redio ya ridhaa nchini. Meza yangu ya redio imefunikwa kitambaa alichofuma mama watoto, kinaburuza mpaka sakafuni. Chini yake inakaa pawa saplai inayoilisha redio umeme, sanduku la chuma zito kama jiwe la kusagia ulezi.

Redio inataka volti 13.8, zile zile za betri ya gari injini ikiwa inaunguruma. Za ukutani, 230, kwangu huwa jina tu: saa moja jioni, mtaa mzima ukiwasha pasi na hita, taa inabaki nyekundu kama kaa. Ndani ya sanduku, transfoma inazishusha hadi 18 hivi, dayodi nne zinaugeuza umeme uende upande mmoja, kapasita kubwa kama makopo ya maziwa zinausawazisha. Hapo unapata kama volti 23 zinazopanda na kushuka. Kazi ya mwisho ni ya transista nne za 2N3055, zilizofungwa kwenye mbavu za alumini nyuma ya sanduku. Saketi ndogo inaangalia volti zinazotoka. Zikizidi inazibana transista, zikipungua inazilegeza, kama mtu aliyeshika koki huku jicho liko kwenye ndoo.

Zile volti za ziada haziwekwi akiba. Zinageuka joto. Nikiwa nasikiliza tu, redio inavuta ampea moja, transista zinatupa wati tisa, na mbavu zinakuwa vuguvugu kama kiganja cha mtu. Nikiongea, ampea zinafika 20, na joto linapita wati 100.

Mama mkwe hakusoma fizikia. Alipapasa.

Akalisukuma boksi hadi kwenye mbavu, akafunika vyote kwa blanketi, akarudisha kitambaa kilivyokuwa. Siku tatu nilikuwa nasahihisha mitihani huku nasikiliza tu, hedifoni masikioni. Mara moja moja nilisikia "pii, pii" nikadhani kuna kapasita inayokufa. Nilifungua redio nikaikagua. Vifaranga walinenepa.

Siku ya nne, kwenye megahezi 7, akaitika mtu wa Zambia, alama 9J. Tukaingia habari za antena, na mtu wa redio akishaanza habari za antena hana breki. Nilikuwa kwenye urefu wa waya wangu niliposikia harufu ya sufu inayoungua. Chini ya meza pakalipuka kelele. Mzambia akauliza kwa upole kama nafuga kuku.

Kabla sijajibu: pa!

Transista moja ilikuwa imepikwa mpaka ikapitisha umeme wote bila kubana, volti 23 zikaanza safari ya kwenda kwenye redio. Kilichoniokoa ni thairista iliyowekwa kwa ajili ya siku hiyo: ikiona volti zimezidi, inaunganisha njia za kutokea makusudi, fyuzi inakatika. Redio ilipona. Vifaranga saba walitoka mbio chini ya kitambaa, mmoja akajificha ndani ya ndala yangu. Mama watoto alisimama mlangoni akinitazama kama mimi ndiye niliyewaweka.

Fundi wa sokoni alizinyonya kapasita kwanza kwa balbu ya taa ya gari, ikawaka, ikafifia. Akabadilisha transista, akapaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, kisha akachomoa unyoya kati ya mbavu mbili kwa bisibisi. Hakuuliza. Bei tu ndiyo ilipanda.

Sasa boksi linakaa shubiri mbili kutoka kwenye mbavu, bila blanketi. Jana nilichoka, sikuwasha kitu. Saa mbili usiku nikasikia sauti ya mama mkwe ukumbini:

"Baba, leo huwasikilizi wale watu wako wa Zambia? Watoto wanasikia baridi."