Muundo Mmoja kwa Kila Bajaji

Waliobuni programu za kugeuza JSON kuwa miundo ya msimbo waingie peponi bila kupanga foleni. Unabandika data kushoto, kulia inachomoza miundo ya Go au TypeScript, kila kipengele na aina yake: haya maandishi, hii namba, hii orodha. Kazi ya kuchapa asubuhi nzima inakwisha kabla chai haijapoa. Ugomvi wangu ni na wanaonitumia data.

Programu hizo ni kama mshenga aliyekwenda ukweni mara moja tu, tena siku ya sikukuu: alichokiona ndicho anachokiapia. Sampuli ilikuwa na salio la 5000, basi salio likatangazwa kuwa namba kamili. JSON yenyewe haisaidii. Kwake namba ni namba, ya desimali na isiyo ya desimali zote zinalala chumba kimoja. Kesho yake akaja mteja mwenye 5000.50. Mfumo ukagoma palepale, na mimi nikaitwa mwizi kwa ajili ya senti hamsini.

Orodha ya madeni nayo ilikuja tupu, ikapewa aina ya "chochote". (Mjini hapa nani ana orodha tupu ya madeni?) Tarehe usiseme. JSON haina aina ya tarehe, kwa hiyo kila mtu anaiandika anavyojisikia. Tuliletewa 03/04, na mpaka leo ofisini kuna kambi ya Machi na kambi ya Aprili.

Yote hayo cha mtoto. Akaja mwenye bajaji, anataka mfumo wa kupokea hesabu za madereva kila jioni. Mtaalamu wake hakuziweka bajaji kwenye orodha. Kila pleti namba aliifanya ufunguo. Programu ikatii: muundo mmoja kwa kila bajaji. Nikateremsha skrini mpaka kidole kikauma. Bajaji ya kwanza: dereva, hesabu, mafuta. Ya pili: dereva, hesabu, mafuta. Ya tatu siku hiyo ililala gereji, mafuta haikutia, kwa hiyo ikasajiliwa kama kiumbe wa jamii nyingine kabisa. Tajiri akinunua bajaji mpya, sharti msimbo uandikwe upya. Programu nyingine ya aina hiyo, Quicktype, hunusa mambo haya: ikikuta funguo chungu nzima zenye umbo moja chini yake, huzikusanya kuwa ramani moja. Niliyokuwa nayo mimi haikujaliwa pua.

Nikampigia mtaalamu.

"Kaka, pleti namba zisiwe funguo, ziingie ndani."

"Haiwezekani, kaka, mfumo uko hewani tayari."

"Basi nipe maelezo yake ya maandishi."

"Hayo yapo, tena kamili. Nakurushia WhatsApp."

Yalifika baada ya magharibi: picha ya JSON ileile, imepigwa kwa simu kutoka kwenye skrini, na kidole gumba chake kimefunika mabano ya mwisho.