Jinsi ya Kuvujisha Siri Bila Kuvunja Mlango wa Mtu

Una waraka wa serikali mfukoni, unakuunguza kama kaa la moto. Au hasira imekupanda, unataka kwenda kupiga kelele getini kwa waziri. Keti kwanza, unywe chai. Hatua ni tano.

1. Omba kabla ya kuchukua. Huenda unachotaka kuvujisha ni haki yako tayari. Sheria ya Rwanda Na. 04/2013 inakuruhusu kuomba taarifa kwa mdomo, barua, simu au intaneti, kwa lugha rasmi yoyote. Kiswahili nacho ni lugha rasmi tangu 2017, basi omba kwa Kiswahili.

2. Pima siri yenyewe. Uliza: ikibaki gizani, nani ataumia? Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Roméo Dallaire wa kikosi cha Umoja wa Mataifa alituma faksi New York kutoka Kigali. Mtu wa ndani ya wanamgambo wa Interahamwe alikuwa ametoa habari za silaha zilizofichwa, na za amri ya kuwaandikisha Watutsi wa jiji. Kufichua siri ya namna hiyo ni wajibu.

3. Mkinge aliyeitoa. Dallaire aliomba mtu yule alindwe, hakulindwa. Leo Rwanda ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa, ya 2012, iliyoandikwa upya 2017. Isome kabla hujafungua mdomo.

4. Toa kosa, usitoe nyumba. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, redio RTLM ilisoma hewani majina ya watu, namba za magari yao na mahali walipojificha, na wauaji wakafuata. Asubuhi ya 7 Aprili 1994 askari walifika majumbani mwa viongozi. Joseph Kavaruganda, rais wa Mahakama ya Katiba, alichukuliwa kwake. Waziri Landoald Ndasingwa aliuawa pamoja na mama yake, mkewe na watoto wao. Katika jiji la Kigali, lenye kumbukumbu hiyo, anwani ya mtu haiandikwi kwenye karatasi ya kuvujisha, hata awe mwizi wa mali ya umma. Watoto waliolala ndani hawakutia saini mkataba wowote.

5. Bisha hodi mahali pa kazi, mchana. Mila yetu ni hodi mara tatu, usipoitikiwa unaondoka. Hodi ya kwanza ofisini kwake, ya pili kwa Umuvunyi (ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi), ya tatu mahakamani. Ukitaka kuandamana, tafuta kibali, kisha simama mbele ya wizara.

Faksi ile ya Januari ilijibiwa upesi: Dallaire alikatazwa kuzivamia ghala za silaha. Mlango uliostahili kubishwa mpaka ufunguke ulikuwa wa ofisi, huko New York. Hakuna aliyehitaji kujua wakubwa wake wanalala wapi.