Sifa za Mlinzi wa Nukta

Waendesha baiskeli wa masafa marefu wamesifiwa vya kutosha. Wametengenezewa filamu, wameandikiwa vitabu, na makalio yao yaliyochubuka yamejadiliwa hadharani kwa undani ambao mama zao wasingeupenda. Aliyesahaulika ni anayewatazama: yule aliyelala chali saa nane za usiku, simu ikimmulika usoni, chaji imebaki asilimia nne, akingoja kinukta chenye herufi mbili kisogee upana wa punje ya mtama kwenye ramani ya Montana. Mwenzake wa kitandani anageuka na kuuliza kuna msiba gani. "Kasimama," anajibiwa. "Tangu saa sita kasimama." Mlinzi huyu hana medali, hana jasho, na asubuhi hatakuwa na maelezo ya maana ya kumpa bosi wake. Basi leo asifiwe yeye.

Kinachomnyima usingizi ni Tour Divide, mashindano ya baiskeli za milimani yanayoanza Ijumaa ya pili ya mwezi Juni katika mji wa Banff, jimbo la Alberta, Kanada, na kuishia Antelope Wells, kituo cha mpakani kati ya New Mexico na Meksiko. Katikati kuna karibu kilomita 4,400 za changarawe, njia za wachunga ng'ombe, theluji iliyogoma kuyeyuka na vipande vya lami, zikifuata mgongo wa Milima ya Rocky, pale mvua ya upande mmoja inapoelekea Pasifiki na ya upande wa pili Atlantiki. Njia yenyewe ilichorwa miaka ya 1990 na Adventure Cycling Association, chama chenye makao yake Missoula, Montana, kwa ajili ya watalii wasio na haraka. Mwaka 1999 John Stamstad akaipita sehemu ya Marekani peke yake kwa siku 18 na saa chache, na tangu hapo haraka ikaingia. Mashindano yanayoanzia Banff yalifanyika mara ya kwanza mwaka 2008.

Kwa desturi hakuna ada ya kuingia wala zawadi ya kushinda. Saa inaanza kuhesabu Banff na haisimami mpaka mpakani: ukila inahesabu, ukiziba pancha inahesabu, ukikaa kando ya njia kulia inahesabu. Kila mtu ajitegemee. Chakula anunue dukani ambako mtu yeyote angeweza kununua, alale ambapo yeyote angeweza kulala, na asiwepo ndugu wa kumfuata na gari lenye supu. Mwaka 2025 Robin Gemperle wa Uswisi alimaliza kwa siku 11 na saa 19. Wa mwisho mwisho huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo, na wengi hujitoa njiani.

Sasa mpenzi wa mchezo wa namna hii atasimama wapi? Shabiki wa Safari Rally, tangu mwaka 1953, anajua anachokifuata: gari linapaa, honi zinalia, na jioni anarudi nyumbani na vumbi la njia puani kama ushahidi. Shabiki wa Tour Divide hana jukwaa la kukaa, hana mtangazaji wa kumsikiliza, hana vumbi. Akienda porini atangoja siku nzima ili mtu mmoja mwenye tope mpaka kwenye nyusi ampite bila kumtazama. Kwa hiyo amebaki na nukta.

Nukta inatoka kwenye kidude kinachoenea kiganjani, kinachofungwa kwenye usukani au juu ya begi, kikipeleka setelaiti habari ya mahali kilipo kila baada ya dakika kadhaa. Vifaa vya SPOT, vilivyoingia sokoni mwaka 2007, ndivyo vilivyoifanya kazi ya ulinzi iwezekane. Kabla havijaenea, mwendeshaji alikuwa akipiga simu ya barabarani na kuacha ujumbe wa sauti, na mashabiki wakangoja kumsikia mtu mwenye midomo iliyopasuka akieleza kwa pumzi fupi kwamba amekutana na dubu na amekula mandazi kumi na mawili, bila kubainisha lipi lilimtisha zaidi. Ilikuwa burudani nzuri lakini haikuwa ulinzi. Ulinzi ulikuja na nukta.

Kidude hicho kina hila zake. Kinataka kuona mbingu. Kikiingia korongoni, kikifunikwa na miti minene, kikipinduka uso chini au betri zikimalizika, nukta inaganda, kisha baada ya saa mbili inajitokeza kilomita arobaini mbele. Kwa mtu wa kawaida hii ni hitilafu ya kiufundi. Kwa mlinzi ni tamthilia yenye sehemu tatu: ameanguka, amepotea, amefufuka.

Watu husema kazi hii inapoteza muda. Hesabu haiwaungi mkono, angalau kwa mlinzi wa Afrika Mashariki. Mwezi Juni, Montana iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tisa. Mwendeshaji wa mbele hulala kidogo sana, na akilala, tuseme kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri ya kwao, huku kwetu ni saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Nukta inatulia saa za kazi na kukimbia usiku kucha. Hakuna mchezo mwingine unaomheshimu mwajiri kiasi hicho, mradi tu mfanyakazi aliyekesha asilalie kibodi.

Tazama pia elimu anayoipata. Kuna walinzi ambao hawajapanda baiskeli tangu shule ya msingi, lakini watakueleza kwamba Indiana Pass kule Colorado ina kimo cha takriban mita 3,630, chini kidogo ya kambi ya Horombo pale Kilimanjaro, na kwamba mtu asifike juu wakati wa radi za alasiri. Wanajua kwamba bonde la Flathead lina dubu wakubwa wa grizzly. Wanajua kwamba Ovando, kijiji cha Montana chenye watu wasiofika mia, kina gereza la zamani la mbao ambalo siku hizi wafungwa wake ni waendesha baiskeli wanaoingia kwa hiari kutafuta usingizi. Wanajua kwamba kilomita nyingi kusini ya hapo, New Mexico, kuna kijiji kinachoitwa Pie Town, maarufu kwa pai zake, na kwamba duka la pai lina saa zake za kufunga. Nukta ikiwa kilomita thelathini nje ya Pie Town na jua likielekea kushuka, mlinzi anashika kalamu na kupiga hesabu: mwendo huu, upepo ule, dakika hizi. Mwanafunzi aliyefeli hesabu kidato cha pili amekuwa mtaalamu wa mwendokasi kwa sababu ya pai ambayo hataionja.

Kusoma nukta kuna ufundi. Nukta imeingia kwenye kambi ya msituni saa saba za usiku, utabiri unaonyesha mvua, na haitoki mpaka saa kumi na moja. Mgeni ataona mtu amepumzika. Mlinzi anajua: yumo chooni. Vyoo vya shimo vya kambi zile vina kuta imara, paa lisilovuja na mlango unaomshinda dubu, na waendeshaji wenye majina makubwa wamelala humo bila haya, kichwa upande huu na baiskeli upande ule. Au nukta inatambaa kilomita nne kwa saa mahali ambapo ramani inaonyesha tambarare. Mgeni atasema jamaa amechoka. Mlinzi anatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu: matope. Udongo wa kule ukilowa unanata na kujaza uwazi wote kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likatae kuzunguka, na anayelazimisha pedali huishia kung'oa kidude cha kubadilishia gia. Baiskeli haiendeshwi tena wala haisukumwi. Inabebwa. Mlinzi, aliyejifunika blanketi, anaumwa mgongo kwa niaba.

Lakini fadhila yake kuu ni kwamba hana msaada wowote. Isichukuliwe kuwa ni dharau. Katika mashindano ambayo kosa kubwa ni kusaidiwa, asiyeweza kusaidia ndiye shabiki halali kuliko wote. Anayeishi kando ya njia yuko kwenye majaribu kila siku: amwite mpita njia apate chai, au amwache? Mwaka 2019 Lael Wilcox wa Alaska aliposhiriki huku mwenzi wake akimfuata kupiga filamu, palizuka mjadala mkali: je, kuuona uso wa umpendaye katikati ya nyika ni msaada? Waliokuwa upande wa ndiyo walikuwa na hoja, maana mtu aliyechoka hupata nguvu kwa vitu vidogo kuliko kikombe cha maji, na wa hapana pia walikuwa na yao. Uso wa mlinzi wa nukta haujawahi kuleta mzozo. Hakuna anayeuona.

Huyo huyo Wilcox ndiye aliyeonyesha mapenzi haya yanaweza kufika wapi. Mwaka 2015 alitoka kwao Anchorage kwa baiskeli hadi Banff, kisha akaingia kwenye mashindano, akaugua kifua njiani, na bado akavunja rekodi ya wanawake kwa siku 17 na ushei. Hakuridhika. Miezi michache baadaye alirudi akaikimbiza njia nzima peke yake na kumaliza kwa siku 15, saa 10 na dakika 59. Fikiria ramani hiyo: nukta moja bara zima, hakuna wa kuipita, hakuna wa kuifukuza isipokuwa saa. Mtu akiweza kuitazama hiyo kwa wiki mbili na kusema imekolea, huyo hatishwi tena na mkutano wowote wa bodi.

Mlinzi ni mwamuzi pia, na hapa sifa zinaanza kumchoma mtu. Mashindano haya hayana refa kila kona. Yanategemea uaminifu, na uaminifu unapata nguvu ukijua kuna watu wanaokodoa macho saa ishirini na nne. Nukta ikiacha njia mita mia tatu, wapo watakaojua kabla ya mwenyewe kujua. Mara nyingi amekwenda tu kutafuta maji. Hata hivyo mlinzi atakuwa amekwisha kutoa hukumu, akakata rufaa kwa niaba ya mtuhumiwa, na kumwachia huru, yote kabla ya kifungua kinywa. Usumbufu upo, haukataliki. Wenye maduka na nyumba za wageni njiani wanaujua, na jamaa wa waendeshaji wanaujua zaidi.

Ila kuna usiku ambao mzaha huu hauna nafasi. Mike Hall, Mwingereza aliyeanzisha mashindano ya Transcontinental ya Ulaya, alimaliza Tour Divide mwaka 2016 kwa siku 13, saa 22 na dakika 51, rekodi iliyodumu hadi 2024. Mwezi Machi 2017 alikuwa Australia katika Indian Pacific Wheel Race, safari ya kilomita zipatazo 5,500 kutoka Fremantle hadi Sydney, na Waaustralia walikuwa wakitoka majumbani usiku wa manane kusimama kando ya barabara, kwa sababu nukta iliwaambia nani anapita na saa ngapi. Alfajiri ya Machi 31 nukta yake ilisimama kwenye Barabara Kuu ya Monaro karibu na Canberra. Watu waliokuwa wakiitazama waliona haisogei. Alikuwa amegongwa na gari na kufa. Mashindano yakavunjwa. Tangu hapo nukta iliyoganda haijawa kitu cha kuchekesha kabisa, na anayemwona mlinzi akihangaika na simu saa nane za usiku akumbuke kwamba mara moja hofu hiyo ilikuwa sahihi.

Mashindano yakifika ukingoni, sifa za mlinzi zinang'aa tena. Antelope Wells haina mji. Ni kituo cha forodha katikati ya jangwa, chenye geti na saa chache za kazi, na mshindi huweza kufika akakuta uzio, joto na watu wawili watatu. Umati wake wote uko kwingine, umetapakaa katika saa tofauti za dunia, ukishangilia kwa kunong'ona ili usiamshe watoto. Na haumwachi wa mwisho. Wiki mbili baada ya mshindi kuoga, walinzi waaminifu bado wako na nukta moja iliyochelewa Wyoming, wakiisukuma kwa nia njema.

Agosti inaleta Silk Road Mountain Race kule Kyrgyzstan, iliyoanza mwaka 2018, na tofauti ya saa tatu tu, jambo linalompa mlinzi wa huku nafasi ya kulala kidogo. Hata Rwanda ina mashindano yake ya kujitegemea, Race Around Rwanda, kilomita zinazokaribia elfu moja kutoka Kigali hadi Kigali. Tatizo la Rwanda ni ukaribu wake. Mlinzi wa Bukoba au Kampala hana kisingizio cha kubaki kitandani; itambidi apande basi, asimame juu ya mlima kwenye ukungu, amwone mwendeshaji wa mbele kwa sekunde kumi akipinda kona. Halafu atatoa simu mfukoni haraka, aangalie nukta imefika wapi.