Kabatini, Ofisi ya Walimu

(Sekondari ya kata, mkoa wowote wa Tanzania. Ndani ya kabati imelala nakala kuukuu ya Hawa the Bus Driver, kitabu cha Richard Mabala kinachosomwa kidato cha kwanza na cha pili. Juu yake limetupwa Desa, kurasa nane za uchambuzi wake, fotokopi zilizopigwa pini. Mjusi yuko kwenye bawaba.)

DESA: Shikamoo, bibi.

HAWA: Marahaba. Umenikalia kifuani, mjukuu wangu.

DESA: Sikai sana. Vipindi viwili tu nakuwa nimekumaliza: dhamira, wahusika, mandhari, mtindo, ujumbe, na kama jina la kitabu linasadifu yaliyomo.

HAWA: Linasadifu?

DESA: Halijawahi kutosadifu.

HAWA: Na hao watoto wamenisoma lini?

DESA: Wakusome wewe? Darasa limefurika mpaka mlangoni, nakala ziko tatu, moja haina jalada. Halafu miaka saba ya msingi wamesoma kwa Kiswahili. Wameingia sekondari, hata mzunguko wa damu wanafundishwa kwa Kiingereza. Ukurasa wako wa kwanza, kengele inalia wako mstari wa nne. Mimi nawaokoa.

HAWA: Hapo sikubishii. Ila Kiingereza changu ni chepesi, nimeandikiwa wao hao hao.

MJUSI: Niwaambie ya jana? Nilikuwa ukutani, juu ya kile kibao cha "Ongea Kiingereza Tu". Mwalimu kaandika ubaoni: nafasi ya mwanamke, pointi tatu. Wakanakili. Binti mmoja wa dirishani, yule aliyeshona soksi zake kwa uzi mwekundu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu Hawa akishuka kwenye basi, nyumbani anapika nani?"

HAWA: Ehee! Mwalimu akasemaje?

MJUSI: Akaonyesha kibao kwa rula. Mimi nikadhani naonyeshwa mimi, nikakimbia. Nilipogeuka, binti alikuwa amepata neno moja la Kiingereza, la pili limemkatalia, akakaa.

HAWA: Desa, swali lile unalo?

DESA: Ngoja... Ukurasa wa tano. Hawa ni mchapakazi. Hawa ni jasiri. Hawa ni mfano wa kuigwa. La kupika halimo. Halina maksi.

HAWA: Kwa hiyo mtoto kaanza kuchambua mwenyewe, mkamkalisha ili anakili uchambuzi.

DESA: Bibi, usinionee. Mtihani sikuutunga mimi. Akifika kidato cha nne ataambiwa atoe hoja kutoka vitabu viwili. Atamwaga tatu huku, tatu kule, utangulizi, hitimisho, basi. Nani atamuuliza yeye anaonaje? Na uzuri wangu, mimi sibagui vitabu. Umaskini, rushwa, ujinga, nafasi ya mwanamke: nipe riwaya yoyote, hata ambayo mwandishi wake bado anatafuta kalamu, nitaipatia dhamira.

MJUSI: Mwambie na ile ya Hava.

DESA: Aa, hiyo ya nini tena?

MJUSI: Huyu ni kopi ya kopi ya kopi. Wino ukakata kwenye W, ikabaki nusu. Jaribio la mwisho wa mwezi, darasa zima likaandika Hava.

HAWA: Wakakosa wote?

DESA: Wakakosa kwa lipi? Mwalimu naye alisahihisha kwa kuniangalia mimi. Vema tupu, mpaka karatasi ya mwisho.

(Mlango wa kabati unafunguliwa. Mkono unalivuta Desa.)

DESA: Naitwa steshenari, bibi, nikaongezwe. Mitihani ya kidato cha pili hiyoo inakaribia. Una la kuniagiza?

HAWA: Mwenye mashine abadilishe wino. Na yule binti wa dirishani, mwambie kufuli la kabati hili ni bovu, linafunguka kwa kuvutwa tu.

DESA: Nimwambie kwa lugha gani?